Sauti ya Gita la Solo: Kupaza au Kupisha?

Mwanafunzi mmoja wa Kobero alitupatia swali ambalo tulilidhani kuwa dogo. Alikuwa akijifunza gita katika bendi ya vijana wa pale mpakani, na alitaka kuandika insha juu ya mazoezi yao kwa Kiswahili fasaha. Akauliza: mpiga gita la solo zamu yake inapofika, na mlio wake ukapanda juu ya ala nyingine zote, kitendo kile kinaitwaje? Je, ni kupaza, kukuza, au kuzidisha? Au ndiko kule wenzake wanakokuita "kufungulia solo"? Tulimjibu harakaharaka kwamba ni kupaza. Baadaye tulipokaa tukalitafakari swali lenyewe, tukaona kwamba jibu letu lilikuwa nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki imo katika historia ya muziki wa nchi zetu.

Kobero ni mji mdogo wa mpakani, kaskazini mashariki ya Burundi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga kabla mikoa ya nchi hiyo haijapangwa upya mwaka 2025. Ng'ambo ya pili ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo, na kuanzia mwaka 2002 walipita hapo pia maelfu ya Warundi waliokuwa wakirudi kwao kutoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania, wengine wao wakiwa watoto waliokulia katika makambi hayo na kukipata Kiswahili bila ya kufundishwa darasani. Ndiyo maana mtu wa Kobero haoni ajabu kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo ya dakika moja, wala kusikia katika arusi moja ngoma za kwao, rumba la Kongo na dansi la Tanzania. Mahali pa namna hii panafaa sana kuulizwa swali la gita la solo, maana hapo zimekutana njia mbili za kuifanya sauti moja isikike kati ya nyingi: moja ni kumwongezea nguvu anayetaka kusikika, na nyingine ni kuwapunguza wale wanaomzunguka.

Tuanze na hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo kongwe. Warundi wana ala yao iitwayo inanga. Ni ubao uliochongwa kama hori, ukapitishiwa ugwe mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mara nyingi kutoka ncha hii hadi ncha hii. Mlio wake ni wa chini, na ni mdogo kabisa. Mwimbaji akitoa sauti yake kamili, ala yake mwenyewe itazimika. Wazee walifanya nini? Hawakuikuza inanga, bali waliishusha sauti ya mwanadamu. Mwimbaji hunong'ona, na uimbaji huo kwa Kirundi unajulikana kwa neno hilohilo la kunong'ona, kwongorera. Tena hapo kuna jambo la ajabu ambalo wataalamu wa muziki wameliandika: mnong'ono hauna kiwango cha juu wala cha chini kama wimbo, lakini msikilizaji huusikia kana kwamba unaimbwa sawasawa, kwa sababu nyuzi huuazima mnong'ono ule sauti zake. Yeyote anayetaka kuthibitisha na azitafute rekodi zilizofanywa Burundi na Michel Vuylsteke mwaka 1967, ambazo zimekuwa zikichapwa tena na tena huko Ufaransa.

Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, zinafundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine, maana hizo si ala za kunong'ona. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha yake ya urithi wa wanadamu, hupangwa kwa nusu duara. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza. Ziko amashako, ambazo kazi yao ni kushika mapigo yasiyobadilika, na ziko ibishikiso, ambazo hufuata mwendo unaowekwa na inkiranya. Wapigaji hutoka mmoja mmoja kuja mbele kwenye inkiranya, akacheza, akaruka, akapiga kwa namna yake, kisha akarudi mahali pake. Anayekuja mbele hapewi ngoma kubwa zaidi. Anachopewa ni nafasi: amashako wanakaa pale pale walipo, hawamfuati wala hawashindani naye, na kwa sababu hiyo kila pigo lake jipya linasikika. Msomaji aliyewahi kuona bendi ya dansi ikiingia katika chemko atakuwa amekwisha kuona tunakokwenda.

Gita lisilo la umeme lilikuja na udhaifu uleule wa inanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akiimba Kiswahili cha Katanga na kupiga gita peke yake. Kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, aliwafanya wasikilizaji wadhani kwamba wanasikia magita mawili. Hakuhitaji kupaza solo, kwa kuwa mwimbaji na mpigaji walikuwa mtu mmoja: ubeti ukiisha, mdomo unafungwa, na gita linapata uwanja wote. Matatizo huanza pale gita linapoingia katika kundi la watu.

Hayo yaliwapata Wamarekani mapema kuliko sisi. Katika bendi kubwa za dansi za miaka ya 1930, mpiga gita aliketi karibu na mpiga ngoma akishika mwendo tu, kwa kuwa tarumbeta na saksafoni zingemmeza kama angejaribu kutoa solo. Dawa ilipatikana katika sumaku. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, huzaa umeme kidogo sana. Umeme huo ukipelekwa katika kikuza sauti, kisha katika spika, uzi mwembamba unaweza kuzungumza na tarumbeta kama sawa na sawa. Kampuni ya Gibson ilitoa gita lake la ES-150 mwaka 1936, na mwaka 1939 kijana aitwaye Charlie Christian aliingia nalo katika kundi la Benny Goodman, akapiga solo za uzi mmoja mmoja kama mpuliza saksafoni. Alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 25 tu, lakini gita halikurudi tena nyuma jukwaani.

Kwetu, umeme huo uliingia kwa mlango wa Kongo. Mwaka 1953 Mbelgiji mmoja mpiga gita, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, akiwa na gita la umeme, na vijana wa pale wakalishika. Mwaka huohuo Joseph Kabasele aliunda African Jazz. Humo ndani walikuwamo ndugu wawili wa kuzaliwa, Charles Mwamba, ajulikanaye kama Dechaud, na mdogo wake Nicolas Kasanda, ambaye dunia ilimwita Docteur Nico. Mdogo alipiga solo, mkubwa alipiga ridhimu. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tukae kidogo, kwa sababu watu husifu sana vidole vya Nico na kumsahau kaka yake. Dechaud alirudia msuko wake chini ya shingo ya gita, kwa utulivu, bila ya kupanda pale anapopanda mdogo wake. Nico alikaa juu, kwenye sauti nyembamba. Nyuzi zao hazikukanyagana. Walipokwenda Brussels pamoja na Kabasele mnamo Januari 1960, wakati wa mkutano wa uhuru wa Kongo, muziki waliokwenda nao ulikuwa umekwisha kuupata mpango huo: mmoja ni amashako, mwingine ndiye aliyetoka mbele. Luambo Makiadi, yaani Franco, ambaye OK Jazz yake ilianza mwaka 1956, alifuata njia yake mwenyewe. Mara nyingi alikwanyua nyuzi mbili kwa pamoja, na sauti mbili zikitembea bega kwa bega hupenya katika kelele kuliko sauti moja, hata kama nguvu ya kikuza sauti ni ileile.

Tanzania nayo ina mfano wake, na kwa maoni yetu ndio unaofaa zaidi kuzungumzwa darasani, kwa kuwa maneno ya nyimbo zenyewe ni Kiswahili. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aling'ara katika Morogoro Jazz Band, akaenda nayo Japani katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akahama na kuanzisha Super Volcano, hadi ajali ya gari ilipomuua nchini Kenya mnamo Januari 1979. Alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Sikilizeni jinsi gita lake linavyomjibu: anaposema yeye, gita linanyamaza au linagusa tu; anaponyamaza yeye, gita linasema. Ni adabu ya mazungumzo ya watu wawili, ingawa mtu ni mmoja. Bosco alikuwa na adabu hiyo hiyo peke yake. Mbaraka aliifikisha mbele ya bendi nzima.

Hatuna budi pia kukumbuka jinsi nyimbo hizo zilivyonaswa. Katika miaka hiyo bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wote wakipiga pamoja kwa wakati mmoja. Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha ala moja moja baadaye, kama inavyofanywa sasa. Kama gita la ridhimu lilikuwa juu mno siku ile, limebaki juu mno hadi leo. Mizani ya sauti ilikuwa kazi ya wapigaji wenyewe: nani asogee, nani arudi nyuma, nani apige kwa kidole laini wakati mwenziwe anapopanda. Aidha, ala zenyewe kwa kawaida hazikuwa mali ya mpigaji. Zilikuwa za mwenye bendi, kama vile chama cha wafanyakazi kilichomiliki NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1980, kikuza sauti kikiharibika hakikupata mwenzake upesi. Mtu asiyeweza kununua nguvu hujifunza kuitumia vizuri ile aliyo nayo.

Wakati huohuo, mbali na kwetu, nguvu ilikuwa ikipata bei nafuu. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mike Matthews wa New York, mwenye kampuni ya Electro-Harmonix, alikuwa akijaribu kifaa cha kurefusha mlio wa gita kilichobuniwa na fundi Bob Myer. Mbele ya kifaa hicho palikuwa na kisanduku kidogo chenye transista moja tu, kilichowekwa ili kuupa nguvu umeme dhaifu utokao katika gita. Matthews alipokijaribu hicho kisanduku peke yake, kikuza sauti kilinguruma. Akakiuza kama kilivyo, kwa jina la LPB-1. Tangu hapo mpiga solo akapata rafiki wa miguuni: pedali ndogo yenye betri ya volti 9, anayoikanyaga solo inapoanza na kuikanyaga tena inapokwisha.

Hatuidharau pedali hiyo. Lakini yapo mambo mawili ambayo muuzaji hamwambii kijana, nayo yanahusu hesabu na sikio.

La kwanza ni kwamba sikio la mwanadamu halihesabu kama mita ya umeme. Ili mlio usikike kuwa umekuwa mkubwa mara mbili, nguvu inayohitajika si mara mbili bali takribani mara kumi, na tofauti hiyo mafundi huiita desibeli 10. Penye wati 30 patahitajika wati 300. Kuongeza nguvu mara mbili tu, kutoka wati 30 hadi 60, ni desibeli 3, na ongezeko lake masikioni ni dogo kuliko bei yake dukani. Sasa tugeuze hesabu hiyo. Ikiwa wenzake wote watapunguza desibeli 3, yaani kila mmoja akaacha nusu ya nguvu yake, mpiga solo atakuwa amesogea mbele yao kwa kadiri ileile bila ya kununua hata wati moja. Hii ndiyo hesabu waliyoifanya wapiga inanga pasipo kuijua desibeli.

La pili ni mahali pa kuongeza. Kikuza sauti kilichokwisha kufunguliwa hadi mwisho hakina tena cha kuongeza. Ukikisukumia umeme zaidi kutoka mbele, kitakata vilele vya mawimbi, na kinachozidi ni mkwaruzo. Mpigaji anakanyaga pedali, anausikia mlio ukibadilika, anadhani amepanda, kumbe msikilizaji wa nyuma ukumbini hakuona tofauti ila sauti imekuwa chafu. Kwa hiyo wapiga solo wengi hawaanzi na kitufe cha volyumu kikiwa mwisho. Hukiacha kwenye 7 wakati wa kusindikiza, wakakipeleka 10 kwa solo. Wengine husogeza mkono karibu na daraja la nyuzi, ambako mlio ni mkali zaidi, kwa kuwa sikio letu lina wepesi mkubwa zaidi wa kusikia mitetemo ya kati ya 2000 na 5000 kwa sekunde kuliko ile ya chini. Wapiga magita wawili wakikaa mahali pamoja shingoni, hakuna pedali itakayowatenganisha.

Vijana wa Kongo walilielewa hilo kwa masikio. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969, iliacha ala za kupuliza. Mlio wa tarumbeta na saksafoni ulipoondoka katikati, magita yakapata uwanja mpana, na kati ya ridhimu na solo lilikuwapo gita la tatu, mi-solo, lililounganisha huku na huku. Wimbo ukagawanyika: kwanza maneno, kisha sebene, ambapo waimbaji huacha kuimba na solo ikatawala. Huo ndio upishaji kwa ukamilifu wake. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi hiyohiyo ilimleta atalaku, mtu wa kupiga kelele za kuchangamsha wachezaji wakati wa sebene, na nafasi iliyokuwa imeachwa ikajazwa tena. Watu wengi wanampenda atalaku. Sisi, tukiri, hatujamzoea hadi leo.

Turudi Kobero. Tulihudhuria arusi huko ambapo bendi ya vijana ilikuwa na magita mawili, besi, kinanda cha umeme na seti ya ngoma, vyote vikipitia katika mtambo mmoja wa kuchanganyia sauti, na umeme ukitoka katika jenereta. Mpiga solo alipokanyaga pedali yake, mwenye ridhimu alisikia kwamba amefunikwa, naye akajiongeza. Mwenye kinanda akafuata. Haikupita dakika tatu, spika zikaanza kupiga mluzi, na bibi mmoja aliyeketi karibu nasi akajifunga khanga masikioni. Ndipo fundi wa mtambo, mtu mzima ambaye hatukumsikia akisema neno usiku kucha, aliposhusha kinanda na ridhimu hadi vikawa kama vinatoka chumba cha pili. Solo hakuigusa. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mpiga solo, na kijana mwenyewe akaangalia pedali yake kwa furaha, akidhani kwamba hatimaye imefanya kazi.

Hapo ndipo tulipotambua kosa la jibu letu. Kiswahili kina maneno mengi ya upande mmoja. Twasema kupaza, yaani kuifanya sauti ipae. Twasema kukuza, ambako ndiko kulikotupa kikuza sauti. Twasema kuzidisha na kufungulia. Hata hayo yana vurugu zake, maana neno kipaza sauti watu hulitumia kwa kile kinachopokea sauti mdomoni mwa mwimbaji na kwa kile kinachoitoa ukutani, na mwalimu anayefundisha somo la muziki hana budi kueleza kila mara ni kipi anachokusudia. Lakini kwa kile wanachofanya wale wengine, walio wengi zaidi jukwaani, tulikuwa hatuna neno la kumpa mwanafunzi. Kushusha halitoshi, kwa sababu mtu hushusha sauti hata kwa kuchoka au kwa aibu. Kunyamaza si sawa, maana amashako hawanyamazi.

Mwanafunzi alitutangulia. Katika insha yake aliandika kwamba ubeti ulipokwisha, "bendi ikampisha mpiga solo." Mwalimu mwenzetu aliyeisahihisha alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Kwani walikutana njiani?" Tuliiomba insha, tukaufuta ule mstari, tukamwongezea mwanafunzi alama mbili.